Bibi Amekwama Kwenye Korido

3 Machi

Kaka,

Shikamoo. Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu unajua simu ya Bibi ilivyo. Ukipiga anaweka sauti kubwa, na jirani wa chini anaitikia salamu zako kabla yake. Hili ninalotaka kukuambia sitaki Bibi alisikie, wala jirani.

Laptopu yako imekufa. Samahani kwa kuanza hivyo. Nilijaribu sentensi nyingine zilizo laini zaidi, zote zilikuwa zinazunguka tu.

Juzi baada ya kula, Bibi alinawa, akajitupia mtandio, akakaa kwenye kiti chake na kusema kama kawaida, "Haya, nipeleke nyumbani." Nikafungua nyumba kwenye laptopu. Tulikuwa tumeingia sebuleni vizuri, mimi kwenye vitufe, yeye akiniambia pinda huku, simama hapo, mara ukuta ukaanza kutoa mistari ya kijani. Halafu sakafu ikagawanyika vijiraba vijiraba. Bibi akauliza nani amepaka nyumba yake rangi bila ruhusa. Kabla sijamjibu, kioo kikawa cheusi. Feni inazunguka, taa ya pembeni inawaka, na nikibonyeza kitufe cha herufi kubwa kitaa chake kinaitika. Ila hakuna kinachoonekana.

Nilimwambia Bibi kwamba kule nyumbani umeme umekatika. Ndilo jibu la kwanza lililonijia. Akasema, "Basi watarudisha kesho." Sasa kila jioni ananiuliza kama umerudi.

Najua ni mashine ya zamani na waranti yake iliisha nikiwa bado shule ya msingi. Lakini tangu nyumba ivunjwe ili barabara ipite, na sisi tuhamie huku ghorofani, Bibi hajawahi kusema "nyumbani" akimaanisha hapa. Hapa anapaita "huku juu". Nyumba aliyo nayo ni ile uliyomchorea. Bila hiyo anakaa dirishani, hafumi, hagombani na mtu. Bora angegombana.

Nifanye nini?

Mdogo wako,
Karani


9 Machi

Karani,

Marahaba. Barua yako imeletwa na dereva wa gari la maji, akanikabidhi mbele ya watu huku akisema, "Mapenzi hayo." Nimetaniwa na kambi nzima, mpaka nikawasomea kwa sauti ile sehemu ya vijiraba. Ndipo wakanyamaza.

Sikiliza. Diski haijafa. Kilichokufa nadhani ni kadi ya picha, yaani kile kipande kinachochora unachokiona kwenye kioo. Nyumba ipo salama ndani, ni kama mtu yupo chumbani ila amefungiwa. Ipeleke kwa fundi aiunganishe na televisheni. Televisheni nayo ikiwa nyeusi, ujue ni kadi.

Usije ukafikiri utaihamishia kompyuta nyingine. Mafaili yatahama, ila nyumba haitafunguka. Ile programu nilipewa chuoni, ikasajiliwa kwenye mashine ile moja tu, na wenyewe waliacha kuitengeneza zamani.

Halafu, ulimwaga nini? Chai? Sema tu, sing'ati.

La mwisho, na usikasirike: labda iache. Nilichora ile nyumba nikiwa mwanafunzi mwenye muda mwingi na majonzi mengi. Ni mchoro tu. Mwambie Bibi mashine imezeeka. Ataelewa, yeye mwenyewe husema magoti yake hayana waranti.

Huku kazi ni nyingi. Tunapima barabara. Vumbi mpaka kwenye meno.

Kaka yako


17 Machi

Kaka,

Shikamoo. Sikumwaga chai.

Nilikwenda kwa fundi wa kompyuta wa karibu na stendi, yule anayevaa miwani juu ya miwani. Nilisimama nje nikipanga maneno mpaka muuza vocha akaniuliza kama nimepotea. Mwishowe nikaingia na kumpa fundi karatasi niliyoandika dalili zote. Akaisoma mpaka chini, akaniangalia. "Wewe ni daktari au mgonjwa?" Nikasema mimi ni mwanafunzi.

Aliiunganisha na televisheni ya dukani. Nyeusi. Basi ni kadi, kama ulivyosema. Akaifungua mgongo. Habari njema ni kwamba kwenye laptopu kubwa kama hii kadi imekaa peke yake, imefungwa kwa skrubu, haikulehemiwa kwenye bodi kama zile nyembamba za siku hizi. Inatoka na nyingine inaingia. Habari mbaya ni kwamba kadi hizo hazitengenezwi tena. Lazima tupate laptopu pacha iliyokufa kwa ugonjwa mwingine.

Kisha akafungua feni. Kaka, alitumia kibano. Alivuta nyuzi za waridi, akavuta, akavuta, zikawa zinakuja tu kama mkia wa paka. "Binti," akasema, "hii laptopu ilikuwa inavaa sweta?" Duka zima likacheka. Joto lilikosa pa kutokea, ndilo lililoipika kadi.

Ni kosa langu. Nilikuwa naiweka kitandani, juu ya blanketi. Tafadhali usiseme chochote kwenye simu.

Fundi amesema kuna njia ya haraka: kuipuliza kadi kwa moto mkali ili lehemu ndogondogo zilizoachiana zishikane tena. Lakini ameniambia wazi kwamba huko ni kumwamsha mgonjwa asalimie wageni. Anaweza kulala tena wakati wowote. Yeye angependa tusubiri kadi nyingine.

Nimemwambia aipulize. Jana Bibi hakuuliza kama umeme umerudi. Ndiyo sababu.

Na usiseme ni mchoro tu. Tafadhali.

Karani


21 Machi

Kaka,

Sijasubiri jibu lako. Mkono hautaki kusubiri.

Iliwaka. Bibi alipiga vigelegele mpaka jirani wa chini akagonga dari kwa mpini wa fagio. Tuliingia kwa mlango wa mbele, tukapita sebuleni, tukachungulia chumbani kwake, tukatoka kuelekea jikoni. Katikati ya korido ile mistari ikarudi. Halafu giza.

Bibi hakusogea kwenye kiti. Akasema, "Nimekwama kwenye korido."

Nilikuwa nalia kidogo, ila kimya kimya. Akanishika mkono. "Huu ni umeme gani unaochagua nyumba?" Basi nikamwambia ukweli, kwamba kadi imekufa. Sikumwambia imekufa kwa sababu gani. Akafikiri. "Kwa hiyo nilale koridoni?" Nikajifuta machozi. Akasema, "Haya, weka mkono ukutani. Tutakwenda kwa kupapasa."

Tukaenda, Kaka. Yeye amefumba macho na mimi nimefumba. Hapa ukuta una ubaridi, akaniambia, nyuma yake kuna tangi la maji. Hapa sakafu imevimba, inua mguu. Hapa ndipo babu yenu alipokuwa anatundika koti lake, na kila siku linaanguka, na kila siku analiokota akilisema vibaya kama mtu. Mimi babu simkumbuki, wala koti. Nilikuwa mdogo mno tulipohama, nyumba ninayoijua ni ya kwenye kioo. Lakini nilijikuta nalikwepa hilo koti.

Kisha akasema, "Geuka kushoto, sukuma mlango wa jikoni."

"Kulia, Bibi. Na unauvuta."

"Kushoto! Na unausukuma. Umepika jikoni kwangu mara ngapi wewe?"

"Lakini kwenye mchoro wa Kaka uko kulia."

Akajikohoza kama mtu aliyetoa siri ya mwenzake. Halafu akasema labda amechanganya, ni uzee huo. Bibi hajachanganya. Nadhani amejua siku zote.

Karani


28 Machi

Karani,

Mlango uko kulia. Nakumbuka vizuri. Mpimaji kwenye familia hii ni mimi.

(Niliacha kuandika hapo nikaenda kazini. Sasa nimerudi.)

Labda uko kushoto. Nilipoichora ilikuwa imeshavunjwa, hakukuwa na cha kupima. Nilikaa tu bwenini nikafumba macho, kama nyinyi.

Kadi nimepata. Mhandisi wetu, mama mkali kuliko jua la huku, alikuwa na laptopu pacha ya ile. Aliiegemeza kwenye tairi, dereva akarudi nyuma. Kioo kimekuwa unga, lakini kadi ni nzima. Nilipomwomba akaniuliza ya nini. Nikasema, "Ya kumtoa bibi yangu koridoni." Aliniangalia sana. Akasema nichukue, ila kwanza nimtolee kwenye diski picha za harusi ya mwanawe.

Nimeichomoa mwenyewe, nimeifunga kwenye mfuko wake maalumu, halafu nimeitia ndani ya soksi. Soksi ni safi, usianze. Itakuja na dereva wa basi la asubuhi pamoja na barua hii. Mwambie fundi apake upya ile dawa ya kupitisha joto. Na skrubu asikaze moja mpaka mwisho kabla ya nyingine. Azikaze kwa kupokezana, kidogo kidogo.

Sasa hili usimsomee Bibi. Yeye anajua napima barabara. Lakini barabara hupita mahali. Mimi ndiye ninayetembea mbele na kopo la rangi nyekundu, naweka alama kwenye nyumba zitakazovunjwa. Wenyewe wanalipwa, wana barua zao, kila kitu ni halali. Juzi nimeinama naweka alama chini ya dirisha, mama mwenye nyumba akanitolea kiti nikae nisiumie mgongo. Kiti, Karani. Sikukaa. Nilimaliza nikaondoka upesi.

Ndiyo maana nilisema ni mchoro tu. Nikianza kuufikiria ule mchoro, siwezi kushika kopo.

Jambo moja zaidi. Blanketi lako, kama sijasahau, ni la bluu. Uzi wa waridi ni wa nani? Basi, usinijibu.

Kaka yako


6 Aprili

Kaka,

Shikamoo. Naanza na msamaha. Kifurushi kilifika mikononi mwa Bibi kabla sijatoka shule. Macho yake hayawezi mwandiko wako, kwa hiyo alinikalisha nimsomee. Nilijaribu kuruka, na unajua mimi kuruka siwezi. Nilipofika pale pa "usimsomee Bibi" nikavuta pumzi, naye akasema, "Soma hapo ulipomeza." Nikasoma yote. Kopo, kiti, na uzi.

Bibi akainuka. Akaenda chumbani, akarudi na kile kitambaa chake cha kufuma, cha waridi.

Sasa naweza kukuambia. Kila tulipomaliza kutembea alinikataza kuzima. "Humzimii mtu taa ndani ya nyumba yake." Basi mimi nikishaingia kulala, yeye anaifunika, na nyumba inawaka humo ndani, kama unavyomfunika mtoto. Alikifuma kwa ajili hiyo tu. Nilielewa siku ile fundi alipochomoa zile nyuzi.

Akaniuliza, "Mimi ndiye niliyeiua?"

"Ilikuwa ya zamani, Bibi."

"Sikukuuliza umri wake."

Nikasema ndiyo.

Kesho yake akataka twende wote kwa fundi. Nilimwomba asubiri nje, ni kama kuuomba upepo. Akakiweka kitambaa juu ya kaunta mbele ya wateja. "Sweta ni langu."

Fundi akavua miwani ya juu, kisha ya chini. "Mama, nisamehe. Nilikuwa natania."

"Utani ulikuwa mzuri. Sasa nionyeshe inapumulia wapi."

Akamwonyesha matundu ya ubavuni na ya tumboni. Bibi akaweka kiganja kwenye kila tundu, kama anayempima mtu homa.

Kadi yako iliingia sawasawa, ila shaba yake ya kupozea ilikuwa na umbo tofauti kidogo, fundi akahamisha ile ya zamani. Alikwangua dawa iliyokauka, akapaka mpya nyembamba, akakaza skrubu kwa kupokezana. Nilimkumbusha mara nyingi mno. Mwishowe akanipa bisibisi. "Njoo umalize mwenyewe, bosi." Skrubu ya mwisho nimeikaza mimi. Akawasha. Feni ikavuma, kioo kikakaa cheusi, kikakaa, Bibi akanifinya mkono, halafu kikawaka.

Tumetembea leo jioni. Mlango wa mbele, sebule, chumba chake. Tulipofika koridoni, pale pale, akaniambia nisimame. Mlango wako wa jikoni uko kulia kwetu. Akautazama. Nikamuuliza kama tuingie.

"Zima," akasema.

Nilidhani nimesikia vibaya. Hajawahi kusema hivyo.

"Zima, ipumzike. Nyumba haikimbii. Chukua karatasi, nataka kumwandikia mume wangu."

Barua yake kwako ni hii hapa chini. Ameniapisha nisirekebishe hata neno, hata sentensi zinazoanza na "Halafu".

Karani


Siku hiyo hiyo

Mume wangu,

Hujambo huko kwenye vumbi? Mimi sijambo, magoti ni yale yale.

Asante kwa kadi. Soksi nimezifua. Hazikuwa safi.

Halafu mlango wa jikoni. Uko kushoto na unasukumwa. Tangu uniletee ile nyumba nimekuwa nikiingia jikoni kwangu kama mgeni, na sikukwambia, kwa sababu siku ile uliponionyesha ulikuwa umekonda, macho mekundu, hujalala. Nikasema, sasa mimi nianze habari za milango? Na dirisha la sebuleni umelipandisha juu mpaka mtu anataka ngazi. Na meza umeifanya kubwa kama tunalisha jeshi. Nikawa najiuliza, huyu bwana wa vipimo alipima na nini? Siku moja nimesimama pale sebuleni na huyu mtoto, nikaona. Ulipima na kimo chako. Kile cha wakati unapanda juu ya ndoo uchungulie kama narudi. Kwako wewe dirisha lilikuwa juu kweli. Basi hilo usiliguse. Nikilitazama nakuona umening'inia pale na kaptula yako iliyotatuka.

Mlango tu ndio urekebishe. Jikoni ni kwangu, si kwako.

Halafu kopo. Usimgombeze mtoto, nilimbana mimi. Yule aliyekuja kwangu na kopo sikumpa kiti. Nilimmwagia maji ya vyombo. Akajifuta uso, akaweka alama yake, akaondoka. Hakuingia ndani hata hatua moja. Aliweka alama kwenye nyumba asiyojua ina vyumba vingapi. Maji yale niliyamwaga kwa ajili ya hilo, si kwa ajili ya rangi.

Sikwambii uache kazi. Ukiacha wewe watamleta mwingine asiye na bibi. Lakini rudi kwa yule mama wa kiti. Safari hii kaa. Omba maji ya kunywa, uyanywe yote. Halafu mwambie akuzungushe vyumba vyote, na wewe uchore, hata kwa penseli, hata nyuma ya makaratasi ya kazi. Muulize ukuta gani una ubaridi. Muulize mlango wa jikoni unafungukia wapi. Mchoro umwachie yeye.

Na umwonyeshe kabla hujaondoka, umwambie akusahihishe. Mwambie zaidi ya mara moja. Atakwambia kila kitu kiko sawa, kwa sababu ataona umechoka.

Usimwamini. Muulize tena.

Bibi yako